Uario ni nini, na kwa nini Kanuni ya Imani inasema "bila kuumbwa"

Uario ni fundisho la Ario, padre wa Aleksandria huko Misri, aliyegombana na askofu wake yapata mwaka 318. Wengi hudhani alimwona Yesu kuwa mtu tu. Sivyo. Alimwita Mwana wa Mungu, aliyekuwako kabla ya ulimwengu. Alichokataa ni umilele wake: kwa Ario, Mwana ni kiumbe, wa kwanza na mkuu kupita vyote, lakini kiumbe, na kabla ya kuzaliwa hakuwako.

Hoja zake alizitoa katika Maandiko yenyewe, hasa Yohana 14:28 ("Baba ni mkuu kuliko mimi") na Mithali 8:22 katika Kigiriki, ambamo Hekima inasema Bwana aliiumba. Kumrushia aya nyingine hakukusaidia, kwani kila aya aliikubali na kuifasiri kwa namna yake. Ndipo maaskofu waliokutana Nisea, mji ulio katika Uturuki ya leo, mwaka 325, kwa wito wa Kaisari Konstantino, wakachagua tamko asiloweza kulikwepa, ndilo lililomo katika Kanuni ya Imani: Mwana "amezaliwa bila kuumbwa, mwenye umungu mmoja na Baba". Anayezaliwa ana asili ya mzazi wake. Kinachoumbwa hakina asili ya muumba. Atanasi, askofu wa Aleksandria aliyefukuzwa jimboni mara 5 kwa kuitetea Nisea, aliongeza hoja ambayo kwangu ndiyo nzito kuliko zote: kiumbe hakiwezi kumuunganisha mwanadamu na Mungu, na Kanisa lililokuwa likimwabudu Yesu lingekuwa linaabudu kiumbe.

Hata hivyo wengi waliliogopa tamko hilo, wakisikia ndani yake fundisho la Sabelio, mwalimu wa karne ya tatu aliyefundisha kwamba Baba, Mwana na Roho ni nafsi moja inayojidhihirisha kwa namna tatu. Kosa hilo bado linafundishwa bila kujua, kwa mfano wa maji, barafu na mvuke. Pale Yordani (Mathayo 3:16-17) Mwana anabatizwa, Roho anashuka na Baba ananena, vyote kwa pamoja. Hakuna anayegeuka kuwa mwingine.

Maaskofu Basili wa Kaisaria, Gregori wa Nazianzo na Gregori wa Nisa ndio walionyoosha usemi: asili moja (umungu ule ule), nafsi tatu (Baba, Mwana na Roho). Mtaguso (mkutano mkuu wa maaskofu) wa Konstantinopoli wa 381 ukaithibitisha imani ya Nisea. Kwa kutofautisha hivyo asili na nafsi, Yohana 14:28 nayo hueleweka: Baba ni mkuu kwa kuwa ndiye chanzo cha Mwana, au kwa kuwa Mwana ametwaa ubinadamu. Mababa wa Kanisa, yaani walimu wake wa kale, walitoa majibu yote mawili, na hakuna linalompunguzia Mwana umungu.