Taroti yenye picha: anza na karata arobaini ndogo

Taroti ni pakiti ya karata 78, na karibu kila inayouzwa leo hutangazwa kuwa "yenye picha". Tangazo hilo halimsaidii mnunuzi, maana hakuna taroti isiyo na picha kabisa. Kwa wanaozitumia, taroti yenye picha ina maana moja mahususi: hata karata zake za namba, tangu mbili hadi kumi, zimechorwa tukio. Kuna mtu, yuko mahali, anafanya jambo. Taroti ya aina nyingine huweka alama peke yake: vikombe vitano ni vikombe vitano vilivyopangwa, kama kopa tano unayoijua.

Kwa kweli anayecheza karata tayari anaijua nusu ya somo hili. Kopa, uru, shupaza na pau ni majina yaliyofika pwani na Wareno, kisha yakapanda bara mpaka kwenye vibaraza vya Dodoma. Kwa Kireno copas ni vikombe, ouros ni dhahabu, espadas ni panga na paus ni fimbo. Karata za dukani zimechorwa kwa mtindo wa Ufaransa, kwa hiyo jina na mchoro haviendani: tunasema kopa huku tukionyesha moyo. Kwenye taroti vinaendana. Kopa ni kikombe kweli, uru ni sarafu ya dhahabu, shupaza ni upanga, pau ni fimbo. Turufu nayo ni ya ukoo huohuo. Taroti ilianza kaskazini mwa Italia katika karne ya 15 kama mchezo wa karata, na zile karata maalumu zilizozishinda nyingine ziliitwa trionfi.

Zile 78 zinagawanyika hivi: turufu 22, akiwamo Mjinga ambaye hana namba au ana sifuri; karata za wakubwa 16, yaani mfalme, malkia, mpanda farasi na kijana katika kila moja ya aina nne (vikombe, sarafu, panga na fimbo); na karata za namba 40, kuanzia ree hadi kumi. Arobaini hizo ni zaidi ya nusu ya pakiti, na ndizo zinazotofautisha taroti moja na nyingine. Wauzaji huonyesha turufu: Jua, Mwezi, Kifo, Nyota. Turufu huwa nzuri karibu kila mahali. Omba uonyeshwe karata za namba.

Matumizi ya kubashiri yalikuja baadaye sana, yakashika kasi Ufaransa mwishoni mwa karne ya 18. Mwaka 1781 mwandishi Antoine Court de Gébelin aliandika kwamba karata hizi zilitoka kwa makuhani wa Misri ya kale. Hakuwa na ushahidi, lakini dai hilo bado linachapishwa nyuma ya maboksi. Wapo ambao dini yao inawakataza jambo lolote linalokaribia ramli, na msimamo huo unastahili heshima. Wapo wanaozikusanya kwa ajili ya sanaa, na wapo wanaozitumia kutafakari jambo linalowasumbua. Hakuna pakiti, hata iwe ya bei gani, inayoweza kutaja mwizi au kumnyooshea jirani kidole. Anayeitumia hivyo anafanya ramli chonganishi, na ramli chonganishi imeshagharimu maisha ya watu nchini mwetu.

Pakiti nyingi unazoweza kukutana nazo zimetokana na moja kati ya familia tatu. Ya kwanza ni ya Marseille, mtindo wa Ufaransa ambao karata zake za namba ni alama tu. Ya pili ndiyo iliyoleta maana ya "yenye picha" tunayoitumia leo: ilitoka London mwaka 1909 kwa mchapishaji William Rider, maelekezo yakiwa ya Arthur Edward Waite na michoro yote 78 ikiwa ya Pamela Colman Smith. Kabla yake ipo Sola Busca ya Italia, ya mwishoni mwa karne ya 15, yenye watu kwenye karata za namba, ila haikuzaa ukoo mkubwa. Familia ya tatu ni Thoth, iliyochorwa na Frieda Harris kwa maelekezo ya Aleister Crowley kati ya 1938 na 1943. Hiyo iko katikati: karata zake za namba hazina matukio, zina rangi, maumbo, na neno moja la Kiingereza lililochapwa chini. Panga tatu zimeandikwa huzuni, vikombe vitano vimeandikwa kuvunjika moyo. Asiyetaka kusoma kwa kupitia neno la lugha ya pili aifikirie mara mbili.

Anayeanza tunamshauri achukue familia ya pili, ile ya Smith, na sababu inaonekana ukiziweka karata mezani. Fimbo kumi: mtu ameinama, amekumbatia mzigo wa fimbo zote kumi uliomziba uso, na mji uko mbele yake. Aliyewahi kuona kuni zikishushwa mjini kutoka vijijini hahitaji kitabu cha kumweleza. Sarafu saba: mkulima ameegemea mpini, anaitazama mimea yake iliyozaa sarafu, hajui avune au asubiri. Sarafu tisa: mwanamke amevaa vizuri, amesimama katikati ya mizabibu iliyoiva, ndege wa kuwindia juu ya mkono wake. Vitabu vya Ulaya huishia kusema karata hiyo ni starehe na utulivu. Msomaji wa Mpunguzi au Hombolo, kwenye zabibu za Dodoma, anaona zaidi: nguzo na nyaya, kupogolea, kupiga dawa, na miaka ya kungoja kabla mche haujatoa zabibu za kuuza. Starehe ile imelipiwa. Hapo ndipo picha inapoishinda alama, kwa sababu inamruhusu msomaji kuingia na maarifa yake mwenyewe.

Picha ina hasara yake pia. Sarafu tano huonyesha maskini wawili, mmoja akiwa na magongo, wakipita kwenye theluji chini ya dirisha linalowaka. Kwa mtu ambaye hajawahi kukanyaga theluji, ubaridi ule haufiki mwilini. Ndiyo maana wachoraji wa baadaye wamehamisha matukio kwenda jangwani, baharini, Afrika, hata kwa wanyama. Kuhamisha si kosa. Kosa ni kupoteza kitendo njiani, na hilo hutokea mara nyingi mno.

Kipimo chake ni karata chache. Tafuta vikombe vitano. Katika mchoro wa Smith mtu mwenye joho jeusi ameinamia vikombe vitatu vilivyomwagika, na nyuma yake viwili vimesimama ambavyo yeye havitazami. Maana yote iko kwenye vile viwili. Kama mchoraji ameweka msichana mzuri mwenye huzuni na vikombe vitano vilivyosambaa ovyo, umebaki na huzuni tu. Kisha vikombe vinane: mtu aliyevipanga vizuri anaviacha na kuondoka usiku; lazima aonekane akienda, mgongo ukiwa kwetu. Panga sita: mtu anavusha mwanamke na mtoto kwa mtumbwi, panga zimesimama ndani ya chombo. Sarafu nne: mtu amekumbatia moja, amebeba nyingine kichwani na kukanyaga mbili. Funika namba kwa kidole, mwonyeshe mtu asiyejua taroti, mwulize, "Huyu anafanya nini?" Pakiti ikipata jibu karibu sawa kwenye karata tatu kati ya hizo nne, inafaa. Ikipata "sijui, ila ni nzuri," ni pakiti ya kupamba ukuta.

Wakubwa 16 ni mtihani mwingine. Weka malkia wanne pamoja. Ukiondoa kitu walichoshika, unaweza kuwatofautisha kwa mkao, uso na mahali walipo? Pakiti nyingi hushindwa hapa, kwa sababu mchoraji alichora mwanamke mmoja mara nne. Thoth haina mfalme: ina mpanda farasi, malkia, mwana wa mfalme na binti wa mfalme, na kitabu kilichoandikwa kwa familia ya Smith kitakupoteza.

Angalia pia turufu ya 8 na ya 11. Marseille huweka Haki kwenye 8 na Nguvu kwenye 11. Waite alizigeuza: Nguvu ni 8, Haki ni 11. Hakuna iliyo mbovu, ila ujue kitabu chako kinafuata mpangilio upi.

Ukishamaliza picha, pima mwili wa karata. Ukubwa wa kawaida wa taroti ni karibu milimita 70 kwa 120, wakati karata ya kuchezea ni karibu 63 kwa 88. Kata kipande cha boksi chenye vipimo hivyo vya kwanza, kishike kwa upana kiganjani. Vidole visipofika upande wa pili, utashindwa kuchanga karata 78 bila kuzimwaga, basi tafuta toleo dogo. Unene nao una uzito wake: karatasi ya gramu 300 kwa mita ya mraba hutoa rundo la takribani sentimita 2.5, ya gramu 400 hufika 3 au kuzidi na huchosha mkono. Mgongo wa karata uwe na mchoro unaofanana juu na chini, la sivyo utajua karata imegeuka kabla hujaifunua.

Dodoma ina adui wawili wa karatasi, ukavu na vumbi. Mvua huishia karibu na Aprili, na miezi inayofuata ni ya upepo mkavu. Karatasi hutoa unyevu wake, upande mmoja ukikauka upesi kuliko mwingine karata hujikunja. Usiianike wala kuipiga pasi. Panga nusu zikitazama juu na nusu chini, funga kwa kitambaa, weka chini ya vitabu vizito siku mbili au tatu. Vumbi hukwaruza ngozi ya karata, yaani utando wa juu, ikiwa inang'aa, kwa hiyo hapa kwetu ngozi isiyong'aa hudumu vizuri zaidi, na haiakisi taa usoni. Tandika kitenge mezani kabla ya kuchanga. Kitambaa kikavu kinatosha kufuta. Maji huingia ukingoni na kuuvimbisha.

Pakiti nyingi huagizwa mtandaoni au hutoka Dar es Salaam, na za kughushi ni nyingi. Dalili zake: boksi jembamba la kipande kimoja, msimbo wa kuskani badala ya kitabu, mistari iliyofifia kana kwamba picha imepigwa kutoka picha nyingine, pambizo pana upande mmoja, na harufu kali ya wino. Bei ya chini mno ni dalili pia. Jambo jingine linalochanganya watu ni karata za ujumbe, ambazo kila mchoraji huamua idadi na maana zake. Zinaweza kuwa nzuri, lakini si taroti, na kitabu cha taroti hakitazisaidia.

Mzigo ukifika, hesabu mbele ya aliyeuleta. Panga kwa aina: 14 za vikombe, 14 za sarafu, 14 za panga, 14 za fimbo, kisha turufu kuanzia 0 hadi 21. Ukikuta 80, mbili za ziada huwa ni za jina la pakiti au matangazo, ziondoe. Ukikuta 77, irudishe siku hiyohiyo.