Je, wajua kwa nini daktari wa kwetu anaweza kufunga ndoa na Mmarekani na bado akanyimwa grini kadi, yaani kibali cha ukazi wa kudumu Marekani?

Fundo hufungwa kabla hajapanda ndege, na karatasi inayolifunga hutoka nyumbani. Daktari wa Tanzania au Kenya anayekwenda kusomea ubingwa Marekani kwa viza ya J-1, ile ya kubadilishana wasomi, hutakiwa kupeleka barua ya Wizara ya Afya ya nchi yake. Barua hiyo, yenye mhuri wa wizara, inasema mambo mawili: nchi ina uhitaji wa madaktari wa fani anayokwenda kusomea, na mwenyewe ameahidi kwa maandishi kurudi akimaliza. Wengi huichukua kama karatasi nyingine tu ya safari, wakaitia kwenye bahasha pamoja na vyeti. Lakini ile ni ahadi, na Marekani huishika kama ahadi.

Itazame viza yenyewe. Kuna maandishi madogo yanayosema mwenye viza anabanwa na kifungu cha 212(e) cha sheria ya uhamiaji ya Marekani. Maana yake, akimaliza mafunzo, ni lazima akaishi kwao kwa jumla ya miaka 2 kabla ya kupewa grini kadi au viza ya kazi ya H-1B. Si lazima miaka hiyo iwe mfululizo, ila aliyetoka Mwanza hawezi kwenda kukaa Dubai akahesabiwa. Mwenzi na watoto waliomfuata kwa viza ya J-2 nao wamo.

Asili yake ni sheria ya mwaka 1961 ya kubadilishana wasomi: mgeni ajifunze, kisha apeleke ujuzi kwao. Mwaka 1976 madaktari wakakazwa zaidi. Wageni wengine wa J-1 wanaweza kuombewa na serikali zao kwa barua ya kutokuwa na pingamizi. Kwa daktari aliyekuja kusomea ubingwa, barua hiyo peke yake haimfungulii mlango. Ndiyo maana ndoa haimwokoi, wala mtoto aliyezaliwa Marekani, wala ile bahati nasibu ya viza ambayo watu wa kwetu wamekuwa wakiijaza kwenye vibanda vya intaneti. Hata akishinda, 212(e) inamsubiri palepale.

Njia za kusamehewa zipo. Mmoja atathibitisha kwamba akirudi atateswa. Mwingine atathibitisha kwamba mwenzi au mtoto wake mwenye uraia au ukazi wa kudumu atapata shida isiyo ya kawaida, na upweke wa kutengana kwa muda hautoshi. Wengi, hata hivyo, hupita njia ya tatu: kwenda kutibu mahali ambapo Wamarekani wenyewe wamekosa daktari.

Njia hiyo ilifunguliwa mwaka 1994 na mpango wa Seneta Kent Conrad wa North Dakota, jimbo la mashamba na baridi kali ambako mji mdogo unaweza kutafuta daktari kwa miaka. Mwanzoni kila jimbo lilipewa nafasi 20 kwa mwaka. Sasa ni 30, zinazohesabiwa upya kila Oktoba 1. Daktari hupata kwanza mwajiri, idara ya afya ya jimbo ikamwombea, Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani ikapendekeza, na idara ya uhamiaji ikaidhinisha. Kisha huanza kazi ndani ya siku 90, saa 40 kwa wiki, miaka 3. Akivunja mkataba bila sababu nzito, ile miaka 2 inarudi juu yake.

Hapa ndipo panaponiuma. Kipimo kikuu cha upungufu Marekani ni daktari mmoja wa huduma za msingi kwa watu 3,500, uwiano ambao wilaya nyingi za kwetu bado zinauota. Ahadi ilitolewa Dodoma au Nairobi, lakini inalipwa North Dakota. Na wizara iliyoandika barua haiulizwi, isipokuwa pale serikali ilipogharimia mafunzo.

Msamaha nao si grini kadi. Unafungua fundo tu. Baada yake kadi huombwa kupitia mwajiri, au kwa njia maalumu ya madaktari: kutumikia eneo lenye upungufu miaka 5, na ile 3 ya Conrad huingia kwenye hesabu. Maombi yanaweza kupelekwa mapema, lakini kadi haitoki mpaka miaka 5 itimie.

Mwisho kuna foleni ya grini kadi, na foleni hufuata nchi uliyozaliwa, si pasipoti uliyonayo. Hakuna nchi inayoruhusiwa kupita asilimia 7 ya nafasi za mwaka, ndiyo maana mzaliwa wa India husubiri miaka mingi kuliko mzaliwa wa Tanzania. Daktari mwenye asili ya Kihindi aliyezaliwa Dar es Salaam yumo katika foleni yetu fupi. Mwenzake aliyezaliwa Mumbai akaletwa Upanga akiwa mchanga, akasoma hapa na kuchukua uraia wa hapa, anabaki kwenye ile ndefu.