Kalamu isikauke? Dhana potofu kuhusu kukosoa kazi ya mwenzako

Mtumie rafiki shairi lako jioni. Dakika mbili baadaye jibu limefika: "Hongera sana malenga, kalamu yako isikauke wino." Hujui kama amelisoma. Tabia hiyo ina mizizi katika mambo kadhaa tunayoyaamini bila kuyachunguza.

Dhana: Sifa humjenga mwandishi, kukosoa humvunja moyo.

"Shairi zuri" linaweza kuandikwa chini ya shairi lolote, kwa hiyo halimwambii mtunzi chochote. Hata sifa inataka mahali pa kukaa: ubeti wa ngapi, neno gani, ulihisi nini ulipofika hapo. Hapo mtunzi anajua asiguse nini atakaporudi kupiga msasa. Wanaoacha kuandika kwa sababu ya kukosolewa wapo, sikatai, ila wengi wao waliambiwa "huna kipaji." Hayo si maoni kuhusu kazi. Ni hukumu juu ya mtu.

Dhana: Anayejua kanuni ndiye anayejua kukosoa.

Kanuni za ushairi zina kazi yake. Chukua mshororo huu wa tarbia (shairi la mishororo minne kila ubeti) niliouunda kwa mfano:

*Mama alinilea vyema, sasa nimekuwa mtu*

Utao, yaani kipande cha pili, una mizani (silabi) nane sawasawa, maana "m" ya "mtu" ni silabi kamili (wanaoisahau ni wengi). Ukwapi, kipande cha kwanza, una tisa. Kumwambia mtunzi "mizani zimepotea" ni kumwachia kazi ya kutafuta. Mwambie: ukwapi umezidi moja, "kanilea" badala ya "alinilea" ingekaa vizuri. Sekunde kumi, na ameelewa.

Lakini je, baada ya marekebisho hayo mshororo umekuwa mzuri? Hapana. Mama gani huyu? Alimlea vipi? Mizani imetimia na picha haipo. Mashairi mengi yanayokidhi vina yamejaa "mno," "jama" na "hakika" zilizowekwa kuziba nafasi, na mkosoaji anayehesabu silabi tu atayapitisha yote. Kwa upande wa pili, mshairi Euphrase Kezilahabi alipotoa diwani yake ya mashairi huru (yasiyofungwa na vina wala mizani), *Kichomi*, mwaka 1974, wapo waliosema hayo si mashairi kabisa. Leo huwezi kueleza historia ya ushairi wa Kiswahili ukamruka. Kabla ya kusema mtu amekosea kanuni, uliza kama alikusudia kuifuata.

Dhana: Kama huandiki, nyamaza.

Konda katika hadithi anasema, "Naomba nauli yako, ndugu abiria mpendwa." Aliyepanda daladala hata mara moja anajua hapo pana kasoro. Msomaji wa kawaida anatambua upesi alipochoka, alipopotea na alipoacha kumwamini mhusika. Hakuna mtu mwingine anayeweza kumpa mwandishi taarifa hiyo, kwa kuwa mwandishi mwenyewe anakijua tayari kinachofuata.

Dhana: Kukosoa ni kuonyesha wewe ungeandikaje.

Huu ndio ugonjwa wa sisi tunaoandika. Mtu analeta hadithi ya mapenzi, sisi tunataka iwe ya siasa. Binti anaondoka mwishoni, sisi tunamrudisha nyumbani. Isomee kazi kwenye safari iliyojichagulia, halafu sema ilipokwama njiani. Na uliza imefikia hatua gani. Rasimu ya kwanza haihitaji mtu wa kuwinda herufi zilizodondoka, kwa sababu aya hizo huenda zikafutwa zote. Mswada unaotumwa wiki ijayo kwenye Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu unamhitaji sana mtu huyo, na wala usianze kushauri mhusika mkuu abadilishwe.

Dhana: Mwandishi mnyenyekevu hukubali kila maoni.

Akikubali yote atabaki na hadithi ya kamati. Asikilize bila kujitetea, aandike anachoambiwa, kisha apumzike siku kadhaa kabla ya kugusa chochote. Msomaji mmoja akikwama, huenda ni ladha yake tu. Watatu wakikwama ukurasa uleule, pana tatizo, hata kama mmoja anataka mazungumzo yapunguzwe, wa pili yaongezwe, na wa tatu anamlaumu mhusika. Mara nyingi kosa lenyewe liko kurasa mbili nyuma, kwenye jambo ambalo mwandishi alidhani ameshalieleza.