Kasi za uendeshaji na takwimu za uwezo wa ndege ndogo: zinapatikana wapi na zinasomwaje

Swali la "Cessna 172 inakwenda spidi gani?" halina jibu la namba moja. Kuna kasi ya kunyanyuka, kuna ya kupanda juu haraka, kuna ya kuteremka injini ikizimika, na kuna ile ambayo ukiivuka ndege inaweza kuvunjika hewani. Hizo ndizo kasi za uendeshaji. Takwimu za uwezo ni jambo jingine: ndege inahitaji mita ngapi za barabara ili iruke, inapanda futi ngapi kwa dakika, inakunywa mafuta kiasi gani.

Yote hayo yamo kwenye kitabu cha mwongozo wa rubani cha ndege husika. Kwa ndege nyingi zilizotengenezwa tangu katikati ya miaka ya 1970, mpangilio ni ule ule: sehemu ya 2 ni mipaka, ya 3 ni dharura, ya 4 ni taratibu za kawaida, na ya 5 ni majedwali ya uwezo. Namba za mtandaoni zinafaa kwa mazungumzo. Za kurukia zitoke kwenye kitabu.

Baadhi ya kasi zimechorwa kabisa kwenye saa ya spidi mbele ya rubani. Tao jeupe ni eneo la kutumia flapu (vibao vya nyuma ya mabawa vinavyoteremshwa wakati wa kuruka na kutua), la kijani ni safari ya kawaida, la njano ni kwa hewa tulivu tu, na mstari mwekundu ndio mwisho. Kwenye Cessna 172S, mojawapo ya matoleo ya 172, kijani huishia noti 129 (noti moja ni maili moja ya baharini kwa saa), na mwekundu uko 163, yaani kama kilomita 302 kwa saa.

Nyingine hutaziona kwenye saa hata ukikodoa macho. Kupanda kwa haraka kutoka usawa wa bahari ni noti 74. Kuteleza bila injini ni 68 ndege ikiwa na uzito wake wote. Halafu kuna kasi inayoandikwa Va, ambayo kwa maoni yangu ndiyo inayoeleweka vibaya kuliko zote. Rubani akikutana na msukosuko mkali wa hewa hupunguza mwendo hadi hapo au chini yake, ili upepo usiulemee muundo wa ndege. Kwa 172S iliyojaa hadi pauni 2,550, Va ni noti 105. Ikiwa na pauni 1,900 inashuka hadi 90. Ndege nyepesi ndiyo inayotakiwa kwenda polepole zaidi, kwa sababu upepo ule ule huirusha kwa nguvu zaidi.

Sasa tuje kwenye joto, maana huku kwetu ndipo hesabu zinapobadilika. Namba za matangazo huchukuliwa katika hali sanifu: usawa wa bahari, nyuzi 15, shinikizo la hektopaskali 1013. Nani amewahi kuona nyuzi 15 mchana pale Kikwetu, Lindi? Shinikizo likiwa hilo hilo na joto likafika 32, hewa inakuwa nyembamba kana kwamba uwanja uko juu ya futi 2,000, ingawa bahari iko jirani. Kanuni ya haraka: kila nyuzi moja juu ya hali sanifu ongeza futi 120. Nachingwea, ambako ardhi yenyewe imeinuka, hesabu huanzia juu zaidi.

Jedwali la 172S linaonyesha tofauti hiyo. Kwenye usawa wa bahari, ndege ikiwa imejaa, bila upepo, kwenye lami kavu, kwa nyuzi 15 inakimbia futi 960 kabla ya kunyanyuka. Kwa nyuzi 30 ni futi 1,070, na kuvuka kizuizi cha futi 50 mwishoni mwa uwanja kunahitaji 1,810 tangu breki zilipoachiwa. Kwenye nyasi kavu ongeza asilimia 15 ya mbio za ardhini. Upepo wa nyuma huongeza asilimia 10 kwa kila noti mbili, kwa hiyo msimu wa kusi na wa kaskazi rubani hageuzi pua ya ndege kwa mazoea, anatazama kwanza soksi ya upepo. Na jedwali linadhani injini ni nzima na breki zilishikwa mpaka nguvu zote zikafika, ndiyo maana marubani waangalifu huongeza akiba yao juu ya namba hizo.

Kasi ya kwenye saa, hata hivyo, haibadilishwi na joto. Kama kitabu kinasema ukaribie kutua kwa noti 65, ni 65 Mtwara na 65 Nachingwea. Kinachoongezeka ni mwendo halisi juu ya ardhi, takriban asilimia 2 kwa kila futi 1,000, na barabara itakayoliwa. Anayeona ardhi inakimbia akavuta pua juu ili apunguze mwendo, anajitafutia kuanguka.

Kabla ya kunakili namba yoyote, tazama kipimo. Cessna 172 za kabla ya mwaka wa modeli 1976 saa zake husoma maili kwa saa, na maili 74 ni noti 64 tu. Kisha fungua sehemu ya 9, ya nyongeza. Kama ndege imebadilishiwa injini au propela, huenda namba zinazotakiwa kufuatwa ziko huko nyuma.