Fundi, huyu ametembea sana

Mteja akija kwangu na picha ya mhusika wa anime, yaani katuni za Kijapani, sishiki futi kwanza. Namwuliza: huyu ni nani kwako? Nimeshona sare za shule na magauni ya harusi miaka mingi na sijawahi kumwuliza mtu swali hilo. Kwa wakosplei, watu wanaovaa na kuigiza kama wahusika wanaowapenda, jibu hubadilisha hata mkato.

Kijana mmoja wa hapa Nairobi alitaka koti refu jekundu lenye kofia, na mkono wa kulia wa chuma. Wanaomjua shujaa huyo washamjua: Edward Elric wa Fullmetal Alchemist. Nilipomaliza, pindo limenyooka kama rula, akalitazama kwa huzuni. "Fundi, huyu ametembea sana." Basi nikachukua msasa, nikalichakaza pindo nililolishona kwa saa mbili. Roho iliniuma, lakini alikuwa sahihi: mimi nilishona picha, yeye alikuwa anamjua mtu.

Mkono tuliutengeneza kwa yale magodoro ya sponji ya watoto, ya kuunganisha sakafuni. Unakata kwa wembe, unapasha kwa hewa ya moto hadi lilegee, unalipinda, unaliunganisha kwa gundi ya mafundi viatu, kisha rangi ya fedha. Wengi wangeweza kununua vazi lililo tayari. Lakini wiki tatu za kukata sponji usiku ni wiki tatu za kukaa na mhusika wako, na hicho hakiuzwi dukani.

Neno kosplei lilitungwa na Mjapani Nobuyuki Takahashi mwaka 1983, akiunganisha maneno ya Kiingereza ya vazi na mchezo. Jambo lenyewe ni la zamani zaidi. Mwaka 1939, kwenye mkutano wa kwanza wa dunia wa wapenzi wa hadithi za kubuni za kisayansi, New York, Myrtle Douglas alishona mavazi mawili, lake na la mwenzake Forrest Ackerman. Sifa zikamwendea Ackerman. (Mafundi tumezoea.)

Wasiohusika hushika nusu ya neno, vazi, wakadhani watu hawa wanajificha. Mbona mchezo wenyewe unahitaji kutambuliwa? Huko Tokyo, kwenye maonyesho ya katuni ya Comiket, hairuhusiwi kufika ukiwa umeshavaa; unabadilisha ukumbini. Nje, kati ya wasiomjua mhusika wako, unabaki mtu mwenye nguo za ajabu.

Kijana wangu alilionja hilo siku ya NAICCON, tamasha la wapenzi wa katuni hapa Nairobi. Alipanda matatu na koti lake, konda akamwita askofu, abiria wakacheka mpaka mjini. Ukumbini hakumaliza hata mlango. Msichana asiyemfahamu alipaza sauti akimwita kwa jina la shujaa. Yeye akapiga viganja pamoja, akainama, akavibandika sakafuni, kama shujaa wake anapoigeuza ardhi kwa nguvu zake. Msichana akaruka nyuma, kana kwamba saruji inapasuka kweli.