Kaka kakutwa na mshipa mkuu uliotanuka. Na mimi nikapime?

Kaka yangu wa toka nitoke alikwenda kupiga utrasaundi ya tezi dume. Akaambiwa mshipa mkuu wa damu tumboni umetanuka hadi sentimita 4.2. Mimi nina miaka 54, naishi Tandika, siumwi popote. Inanihusu?

Inakuhusu. Mshipa huo, aota, hutoka kwenye moyo, hupita kifuani na kushuka tumboni. Kwa mtu mzima sehemu ya tumboni ina upana wa kama sentimita 2. Ikifika 3 tunaiita anurizimu: ukuta umelegea, unatuna kama tyubu ya baiskeli pale ilipochakaa. Kwa kawaida haiumi, ndiyo maana wengi hugundulika kama kaka yako, wakitafutiwa jambo jingine.

Mwenye mzazi, ndugu au mtoto aliyepata tatizo hili tumboni, hatari yake ni karibu mara mbili ya asiye naye. Mwongozo wa madaktari wa mishipa wa Ulaya unasema ndugu wa namna hiyo, wanaume kwa wanawake, wafikiriwe kupimwa kuanzia miaka 50. Umeshafika. Omba utrasaundi na utaje aota kwa jina, maana mpimaji akiandikiwa "tumbo" tu anaweza kuishia kwenye ini na figo.

Ndugu gani wanahesabiwa? Sisi ukoo wetu mkubwa.

Hapa Kiswahili chetu kinatuponza. Daktari akiuliza habari za baba, mtu anajibu "alianguka msikitini akafariki", kumbe anamsema baba mkubwa. Wanaohesabiwa kwanza ni waliokuzaa, mliozaliwa nao na uliowazaa. Kaka wa baba mmoja mama mbalimbali naye mtaje, ila useme hivyo. Mtoto wa kulea ni wenu kwa kila kitu isipokuwa hili.

Baba yetu alikufa ghafla. Wengine walisema presha, wengine kalogwa. Tutajuaje?

Kwa hakika hamtajua, kama alizikwa bila kuchunguzwa. Lakini waulizeni wazee saa zake za mwisho zilikuwaje, na alikuwa na umri gani. Kaanzeni kwa shangazi; kwa uzoefu wangu mashangazi hawasahau. Akisema "alishika kiuno, akalia tumbo linapasuka, akatoka jasho la baridi, alfajiri hayupo", amewapa habari kubwa kuliko neno "presha". Si uthibitisho, maana hata moyo unaweza kuua hivyo. Mpelekeeni daktari maneno yenyewe, msimtafsirie.

Na wanangu?

Inategemea mshipa umetanuka wapi. Ule wa tumboni huja zaidi uzeeni, na sigara inauchochea sana. Urithi wake ni wa jeni nyingi, kila moja ikichangia kidogo. Wa kifuani una urithi mkali zaidi: karibu mgonjwa 1 kati ya 5 ana ndugu wa karibu mwenye tatizo hilohilo. Katika ugonjwa wa Marfan, kwa mfano, ule wa kurithi unaolegeza nyuzi zinazoshikilia mwili, jeni ni moja, na kila mtoto ana nafasi nusu kwa nusu ya kuirithi. Wengi wenye Marfan ni warefu, vidole virefu, na lenzi ya jicho huweza kuhama. Watoto wa familia hizo hawangoji miaka 50. Wapigwe eko, yaani utrasaundi ya moyo, wakiwa wadogo, kwa mfano pale Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Muhimbili.

Kwa sasa nifanye nini?

Kama unavuta, acha. Presha ipimwe na idhibitiwe. Halafu sipro, yaani ciprofloxacin, dawa ya kuua bakteria: hapa Dar mkojo ukichoma tu mtu anakimbilia duka la dawa kuinunua. Desemba 2018 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitahadharisha kwamba dawa za kundi hilo zinaweza kuongeza hatari ya aota kuchanika. Kaka yako asizimeze bila daktari kujua habari ya mshipa wake.

Kwa sentimita 4.2 hapasuliwi sasa. Kwa wanaume upasuaji huzungumzwa zaidi ikifika 5.5. Atapimwa kila mwaka. Lakini akishikwa ghafla na maumivu makali ya tumbo au mgongo, akaishiwa nguvu, iwe saa nane ya usiku au kwenye foleni ya Buguruni, apelekwe hospitali kubwa yenye wapasuaji, na wa kwanza kufika mapokezi aseme: "Ana aota iliyotanuka."