Mvulana wa tangazo la Pears hakuvaa nguo za kila siku

Wengi huiona "Bubbles", picha iliyochorwa na mchoraji Mwingereza John Everett Millais na kutumiwa kutangaza sabuni ya Pears, wakadhani ndivyo wavulana wa Uingereza walivyovaa. Sivyo. Millais alimvalisha mjukuu wake suti ya mahameli na kola ya marinda, mtindo uliokuwa wa kizamani hata mwaka 1886. Sabuni yenyewe iliongezwa baadaye, kwenye tangazo. Na mahameli, ajabu kwa tangazo la sabuni, haipendi kufuliwa: maji na kusugua hulaza manyoya yake, kitambaa kikabaki na mabaka. Kola nyeupe ndiyo ya kufua na kutia wanga. Mavazi ya kawaida yatafute kwenye picha za kamera: gauni kwa wavulana wadogo kabisa, suti ya baharia kwa waliokua kidogo, na kwa maskini, nguo za kaka zilizopunguzwa.